Majonzi ya Kufiwa na Paka Yasipuuzwe

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Anapokufa paka, mfiwa huanza kilio, lakini mara nyingi wa mbali hawaingii. Hakuna matanga, wala jirani anayekuja kutoa pole. Husikika tu kauli kama "paka tu huyo, tafuta mwingine". Makala haya yanaeleza kwa nini majonzi hayo ni ya kweli, na jinsi ya kuyashughulikia kwa usalama.

Chanzo cha majonzi

Katika vijiji vya uwanda wa kati, kuanzia Kongwa hadi Bahi na Manyoni, paka hufugwa kwanza kwa kazi: hulinda mtama, uwele na karanga dhidi ya panya. Hata hivyo, kazi huzaa mazoea, na mazoea huzaa upendo. Kwa mzee ambaye watoto wake wamehamia mjini, paka huweza kuwa mwenzi pekee wa jioni, na saa ya kumlisha ndiyo inayoipa siku mpangilio. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alichapisha kitabu kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui. Mwenye majonzi ya aina hiyo hubeba mizigo miwili: kumkosa aliyempenda, na kuona haya kumlilia.

Dalili

Mfiwa anaweza kulia, kukosa usingizi na hamu ya kula, kujilaumu, au kudhani amesikia mlio wa paka wake mlangoni. Huo si wazimu. Kwa kawaida hali hiyo hupungua taratibu. Lakini huzuni ikidumu mchana kutwa kwa zaidi ya wiki mbili, mtu akashindwa kufanya kazi zake au akakata tamaa ya kuishi, achunguzwe kama ana sonona. Mwenye mawazo ya kujiua apate msaada siku hiyo hiyo. Zahanati iliyo karibu ndiyo mahali pa kuanzia, na anayehitaji huduma ya kibingwa anaweza kupewa rufaa, ikiwemo kwenda Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma.

Wajibu wa mhudumu

Mpe pole, uliza jina la paka, kisha sikiliza. Uliza pia kuhusu dawa: mgonjwa wa shinikizo la damu aliyezoea kumeza dawa anapomlisha paka anaweza kuzisahau mazoea hayo yakikatika.

Swali la pili ni hili: alikufaje? Paka aliyebadilika tabia, akawa mkali ghafla, akatoka udenda au akapooza, huenda alikuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu, karibu daima huua. Chanjo inayotolewa mapema huuzuia. Aliyeng'atwa, aliyeparurwa au aliyelambwa kwenye jeraha na paka huyo aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kukawia. Hata kama siku zimepita, asikose kwenda. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu, na ofisa mifugo aarifiwe kabla ya kuuzika.

Kumkumbuka

Kumwomboleza paka si jambo geni. Herodoto aliandika kwamba katika Misri ya kale, paka wa nyumbani akifa, wenye nyumba walinyoa nyusi zao. Leo yatosha kumzika kwenye shimo refu, mbali na kisima, kupanda mti juu yake, kutunza picha yake kwenye simu, au kusimuliana vituko vyake. Watoto waambiwe ukweli kwamba amekufa. Wakiambiwa amelala au ametoroka, wataendelea kumngoja. Paka mwingine aletwe pale tu mfiwa atakapokuwa tayari, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo akapate chanjo.