Metali ya Kinywani Nayo Ina Mtihani Wake

Wakaaji wa Kitengela na Kajiado hawahitaji kufundishwa kwamba kitu kisichoonekana kwa macho chaweza kuharibu meno. Floridi iliyomo katika visima vingi vya huku, vingine vikipita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, imeacha alama za kahawia katika vinywa vya watoto wetu. Kuhusu maji, basi, tumezoea kuuliza. Mbona hatuulizi lolote tunapowekewa meno bandia yenye metali?

Mara nyingi fremu ya meno hayo huwa ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Michanganyiko mingine, hasa ya bei nafuu, ina nikeli. Mate yana chumvi, vyakula vina asidi, na kidogo kidogo metali huachilia chembe zake kinywani. Nikeli ni mashuhuri kwa kusababisha mzio. Beriliamu, iliyowahi kuchanganywa humo ili metali imiminike vyema, ni hatari zaidi kwa fundi anayeisugua na kuvuta vumbi lake kuliko kwa mgonjwa mwenyewe. Na fundi huyo ni nani anayemkumbuka?

Upimaji wenyewe si uganga. Kipande cha metali hutumbukizwa katika mchanganyiko wa asidi ya laktiki na chumvi, kwa nyuzi 37, kwa muda wa siku 7. Kanuni ya kimataifa ya ISO 22674 hairuhusu metali iliyotoka izidi mikrogramu 200 kwa kila sentimita mraba. Beriliamu isizidi asilimia 0.02, na nikeli ikipita asilimia 0.1 sharti itajwe. Kisha huja zamu ya seli hai, aghalabu za panya, zinazowekwa pamoja na metali au maji yaliyoilowesha, ili ijulikane kama zitaishi au zitakufa. Mwalimu wa kemia na mwenzake wa biolojia wangeweza kulifundisha somo hili bega kwa bega.

Hata hivyo, kilichopimwa ni metali ya kiwandani. Fundi akiyeyusha mabaki ya jana pamoja na metali mpya, au akizidisha moto, kinachoingia kinywani si kile kilichofaulu mtihani. Tena seli za panya hazina mzio wa Bi. Fulani.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila mgonjwa apewe karatasi yenye jina la metali aliyowekewa na viungo vyake, badala ya maelezo hayo kubaki kwenye pakiti katika karakana. Ufizi ukivimba miaka 3 baadaye, daktari mwingine atakuwa na pa kuanzia. Naye aliyewahi kuwashwa na hereni au mkanda wa saa aliseme jambo hilo mapema, kabla kinywa chake hakijachukuliwa vipimo.