Dola ya simuni na dola ya sandukuni

Saa mbili asubuhi, kando ya barabara kuu ya Bunia, wakala wa pesa za simu anafungua mwavuli, anapanga meza na kiti cha plastiki, kisha anaweka miguuni sanduku dogo la mbao lenye kufuli. Mteja wake wa kwanza ni mama muuza samaki wa Ziwa Albert. Mwanawe aliye Kinshasa amemtumia dola 20. Anabonyeza namba fupi, anaingiza namba ya siri akiificha kwa kiganja, ujumbe unaingia. Wakala anampa noti moja. Mama anaiinua juani, anapitisha kidole gumba ukingoni, anairudisha.

"Mwanangu, hii imepasuka. Kule sokoni hawataikamata."

Mpasuko wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini mama ana haki: Kongo nzima noti ya dola iliyochanika haipiti. Wakala hana nyingine ya 20. Wanapatana bei ya kubadilisha, mama anaondoka na bunda la franga.

Mtu akiniuliza biashara ya kielektroniki inaendaje katika jimbo letu la Ituri, humwambia aanzie chini ya mwavuli ule. Dola iliyomo simuni haichaniki wala hailowi, na haiporwi njiani. Taabu inaanza pale inapotaka kugeuka karatasi.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kampuni ya simu haichapishi pesa. Kwa kila franga au dola inayosomeka kwenye simu za wateja, kiasi hichohicho kinapaswa kulala benki. Ndivyo yanavyotaka maelekezo namba 24 ya Benki Kuu ya Kongo ya mwaka 2011, na ndiyo sababu huduma hizi ziliundiwa kampuni zake, mbali na kampuni za kupiga simu. Wakala naye ana mifuko miwili, salio la simuni na fedha taslimu za sandukuni. Ukiweka pesa, sanduku linajaa na salio lake linapungua. Ukitoa, salio linapanda na sanduku linakauka. Akikaukiwa upande mmoja, kazi imesimama, hata kama mnara unawaka na mtandao ni mzuri. Mtaji huo ni wake mwenyewe, na akiibiwa njiani hasara ni yake.

Mmoja wa walioelewa mapema kwamba mtambo mzuri peke yake hautoshi ni Mo Ibrahim, mhandisi wa Kinubi aliyezaliwa Sudan mwaka 1946, akakulia na kusomea Aleksandria, Misri. Alifanya kazi katika shirika la simu la Sudan, kisha mwaka 1974 akaenda Uingereza kuongeza elimu, akapata udaktari wa falsafa Birmingham katika mawasiliano ya simu za mkononi. Miaka ya 1980 alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni ya simu za mkononi ya British Telecom. Mwaka 1989 akaacha kazi na kuanzisha kampuni ya ushauri, akiwachorea wengine mitandao.

Hapo angeweza kubaki tajiri na mtulivu. Lakini alishangaa kuona makampuni makubwa ya Ulaya hayataki hata kusikia habari ya leseni za Afrika, ingawa ziligawiwa kwa bei ya chini sana. Anasimulia mwenyewe kwamba mkuu mmoja wa kampuni alikataa Uganda kwa sababu ya Idi Amin. Amin alikuwa amekwisha kuondoka madarakani tangu 1979! Kwa hiyo mwaka 1998 Ibrahim akaunda kampuni ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Celtel, na Kongo ikawa miongoni mwa nchi zake za kwanza.

Celtel ilikuta Kongo vitani. Barabara hazikuwepo na umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo mitambo mingine ilipelekwa vilimani kwa helikopta, na kila mnara ulihitaji jenereta, mafuta na mlinzi. Wataalamu wa redio walikuwa wengi duniani. Waliokosekana ni watu wa kufikisha pipa la dizeli mahali pasipofikika, mwezi baada ya mwezi, bila kumhonga mtu njiani. Kuhusu hongo Ibrahim aliweka kanuni ambayo ningependa kila kampuni ya Ituri iibandike ukutani: malipo yoyote yaliyozidi dola 30,000 sharti yaidhinishwe na bodi nzima. Meneja aliyebanwa na afisa mwenye tamaa alikuwa na jibu la kweli, kwamba hana mamlaka ya kutoa. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Leo mtandao huo ndio Airtel.

Sehemu ya kazi ya Ibrahim inayotugusa zaidi haitajwi mara nyingi. Celtel ilikuwa na kampuni ndogo ya malipo kwa simu, Celpay, iliyoanza Zambia mwaka 2002 kisha ikaingia Kongo. M-Pesa ya Kenya, inayosifiwa dunia nzima, ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo serikali ya Kongo ilikuwa tayari inaitumia Celpay kwa kazi nzito mno: kuwalipa wapiganaji waliosalimisha silaha. Kila mmoja alipewa dola 110 siku ya kutoka kambini, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Wengi wao hawakuwa na simu. Walikwenda kwa wakala na kitambulisho na namba ya siri, simu ikawa ya wakala, uthibitisho ukapita hewani, mkononi wakapokea noti.

Kwetu Ituri, ambako ukusanyaji wa silaha ulianza Septemba 2004, hakuna asiyejua kijana aliyeahidiwa malipo na asiyapate anaweza kurudi wapi. Dola 25 zilizochelewa hazikuwa hesabu tu. Zilikuwa tofauti kati ya jembe na bunduki. Na ziliweza kuchelewa bila kosa lolote la programu ya kompyuta. Ilitosha wakala wa kijijini akaukiwe sanduku.

Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, Orange nayo ina yake, na leo mfanyabiashara wa Bunia anachagua bidhaa za Kampala au Dubai kwa kutazama picha simuni. Sheria nayo imefuata: tangu 13 Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali inayotambua biashara hiyo na kuyapa maandishi ya kielektroniki uzito wa ushahidi. Usifute ujumbe wa malipo.

Lakini tatizo la sanduku lipo palepale, na limekaa barabarani. Tazama Mongbwalu, mji wa dhahabu. Mwalimu na mchimbaji wakitaka kutoa pesa zao, wakala hutafuta noti, na mara nyingi humbidi kuzifuata Bunia. Siku hiyohiyo mwenye duka wa Mongbwalu, aliyeuza sabuni, mchele na betri wiki nzima, anafunga noti zake kwenye kitambaa, anapanda pikipiki kwenda Bunia kumlipa mwenye bohari. Noti zinakwenda na noti zinakuja, zinapishana katika njia ambako watu wameuawa kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Wakala na mwenye duka huyo ni majirani, na kila mmoja anahatarisha roho yake kufuata kitu ambacho mwenzake anacho.

Dawa yake haihitaji mtambo mpya. Mwenye duka aweke mauzo yake kila jioni kwa wakala wa jirani, sanduku lijae, mwalimu apate mshahara wake asubuhi, na mwenye bohari wa Bunia alipwe kwa simu. Kinachozuia ni makato ya kutuma, kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kwa siku, na wenye bohari wanaotaka kushika noti mkononi kabla ya kutoa mzigo. Yote matatu yako ndani ya uwezo wa binadamu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa makampuni ya simu: wapunguzieni makato wafanyabiashara wanaolipa bohari, wapandishieni kikomo waliojiandikisha kwa vitambulisho halali, na msimwachie wakala peke yake hasara ya njia. Nawe mwenye bohari wa Bunia, mteja wako wa Mongbwalu, Mahagi au Komanda akikuomba akulipe kwa simu, mkubalie. Unamwondolea safari moja ya noti.