Programu za Windows Usizozihitaji: Namna ya Kuzizima kwa Usalama (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia programu ambazo mtu huzisakinisha mwenyewe. Leo tutazame zile zinazokuja na Windows, ambazo nyingi ni huduma (services), yaani hufanya kazi bila kuonekana kwenye skrini.

Wengi huzizima wakitafuta kasi. Kasi hiyo ni ndogo, kwa kuwa huduma isiyo na kazi hula kumbukumbu kidogo tu. Sababu yenye uzito ni usalama. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Huko Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha hata upasuaji. Kilipenya kupitia SMBv1, njia ya zamani ya kompyuta kushirikishana mafaili. Njia mpya ilikuwepo tangu Windows Vista, lakini ile ya zamani iliachwa wazi katika kompyuta nyingi. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Print Spooler, huduma inayopanga foleni ya uchapishaji na ambayo hujiwasha hata pasipo printa. Ufa ulioitwa PrintNightmare ulimpa mvamizi mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza restore point, yaani hali ya mfumo unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, na uhakikishe kwanza kwamba System Protection imewashwa, maana mara nyingi huwa imezimwa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike services.msc. Bofya huduma mara mbili usome maelezo yake, halafu fungua Dependencies uone ni huduma zipi zinazoitegemea. Hapo ndipo wenye haraka huumia. Ukizima Print Spooler, kwa mfano, utapoteza pia Microsoft Print to PDF, hata kama huna printa.

Kwa hiyo, unapobadilisha namna huduma inavyojiwasha, usianze na Disabled, yaani kuizima kabisa. Chagua Manual, ambayo huiacha huduma isubiri hadi iitwe, na ufanye kazi zako za kawaida kwa siku kadhaa. Badilisha huduma moja moja, ukiandika daftarini ilivyokuwa mwanzo. Remote Procedure Call, Windows Update na kinga ya virusi zisiguswe kabisa.

SMBv1 huondolewa kwingine: bonyeza tena Windows na R, andika optionalfeatures, uondoe alama ya vema kwenye SMB 1.0/CIFS, kisha uwashe kompyuta upya. Angalia tu kama mashine yenu ya kuskani ni ya zamani, kwani huenda bado inatuma mafaili kwa njia hiyo.

Programu zinazoahidi kusafisha Windows kwa kubofya mara moja mimi sizipendekezi. Nyingi hubadilisha mambo mengi kwa pamoja, na mtumiaji hajui arudishe lipi. Huduma iliyozimwa huwashwa tena kwa dakika moja; faili la mfumo lililofutwa laweza kukulazimisha usakinishe Windows upya.

Wenye ofisi zenye kompyuta za miaka mingi, mwambieni fundi wenu akague SMBv1 katika kila moja wiki hii hii.