Waya Mrefu wa Redio: Usimamishe Vizuri, Usikaribishe Radi Nyumbani

Ndugu mkulima wa Turbo, huenda kila jioni unaipeleka redio yako dirishani, unaigeuza huku na huku, na bado sauti inakuja na kuondoka. Mara nyingi redio haina kosa. Kinachokosekana ni waya.

Nyumba ya mabati huzuia mawimbi ya redio kama inavyozuia mvua. Waya ulio nje, juu, huyapokea na kuyaleta ndani. Jambo hili si geni. Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi akiwa Newfoundland alipokea ishara kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa waya wa futi 500 hivi ulioinuliwa na tiara. Wewe futi 60 mpaka 100 zinakutosha. Lakini ujue kwamba waya huu ni wa masafa mafupi. Kwa FM hausaidii sana.

Nguzo. Chagua mti wa mwati au mkaratusi ulionyoka, wa futi 25. Chimba shimo la futi 4, upake lami sehemu itakayozikwa ili mchwa wasiile upesi, kisha ushindilie udongo vizuri.

Upande wa pili waweza kutumia mti uliosimama. Lakini usifunge waya kwenye tawi, kwa maana upepo utaukata. Funga kapi mtini, pitisha kamba, na mwisho wa kamba uning'inize jiwe. Mti ukiyumba, jiwe litapanda na kushuka, na waya utabaki salama.

Kila mwisho wa waya weka kipande cha bomba la plastiki chenye matundu mawili, waya tundu moja, kamba tundu la pili. Waya usiguse mabati wala majani.

Mahali. Usiupitishe kamwe juu ya nyaya za stima, wala chini yake, wala karibu nazo. Ukianguka juu yake, utaua mtu. Uwe juu kiasi cha lori la mahindi kupita. Uwe pia mbali na ua wa umeme na mitambo ya sola, maana hivyo huleta kelele redioni.

Radi. Hapa ndipo wengi hukosea. Pigilia bomba la chuma la futi 5 katika udongo wenye unyevu, nje ya nyumba. Kila umalizapo kusikiliza, toa waya kwenye redio na uuunge na bomba hilo, huko huko nje. Usingoje mawingu. Ngurumo zikishaanza, usiuguse kabisa. Wala usidhani kwamba bomba hilo linaikinga nyumba. Linapunguza hatari tu.

Ukiwa na redio yenye swichi ya SSB, katika mita 40 utawasikia hata wapenzi wa redio wakizungumza wao kwa wao. Wengi wa Kenya hujitaja kwa 5Z4. Bila swichi hiyo utasikia sauti kama ya bata. Ukitaka kuwajibu, lazima kwanza upate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Basi, kazi hii ni ya asubuhi moja. Mwite jirani akushikie nguzo, na jioni msikilize pamoja.