Kwa nini mtoto huliona zimwi chini ya kitanda

NI saa tatu usiku. Taa imezimwa, chandarua kimeshushwa, na mtoto wa miaka minne anaanza kulia akisema kuna zimwi chini ya kitanda. Baba anamtaka anyamaze. Dada wa kazi anaongeza kuwa asipolala, zimwi hilo litamchukua. Mtoto ananyamaza, lakini halali.

Wazazi wengi huichukulia hali hiyo kuwa ni kudeka, au ni mbinu ya mtoto ya kukwepa kulala. Hata hivyo, wataalamu wa makuzi ya watoto wanaeleza kuwa hofu hiyo ni ya kweli, hata kama zimwi lenyewe si la kweli. Aidha, mara nyingine ni watu wazima wanaoilea bila kujua.

Hofu za mtoto hubadilika kadiri anavyokua. Mtoto mchanga hushtushwa na sauti kubwa. Anapokaribia mwaka mmoja huogopa wageni na kutengana na mama yake. Kati ya miaka mitatu na sita, uwezo wake wa kubuni mambo hukua haraka, ilhali bado hajaweza vizuri kutenganisha kilichomo kichwani mwake na kilichomo chumbani. Kwa uwezo huohuo, kopo tupu huwa gari mchana, na khanga iliyotundikwa mlangoni huwa jitu usiku.

Giza humnyima mtoto nafasi ya kuhakikisha kwa macho kile anachokisikia, kama vile panya darini au bati linalolia kwa upepo. Isitoshe, saa ya kulala ndiyo saa ya kuachana na wazazi.

Utafiti uliofanyika Uholanzi, ukiongozwa na mwanasaikolojia Peter Muris na kuchapishwa mwaka 2001, uliwahusisha watoto wa miaka 4 hadi 12. Zaidi ya asilimia 70 kati yao walikiri kuwa na hofu za usiku. Wazazi, kwa upande wao, walikadiria hofu hizo kuwa chache kuliko watoto walivyozieleza. Maana yake ni kwamba wapo watoto wengi wanaoogopa kimya kimya.

Zimwi kama fimbo

Vitisho vya zimwi hutumika kama fimbo ya malezi, na kwa usiku mmoja huweza kufaulu. Tatizo ni kwamba vinaipa hofu ya mtoto jina na sura, tena kutoka katika kinywa cha mtu anayemwamini. Pia vinamfungia njia ya kukimbilia, kwa kuwa hawezi kumwomba msaada yuleyule aliyemwambia kuwa zimwi linakuja.

Ngano za mababu zilikuwa na utaratibu tofauti. Zilisimuliwa mbele ya watu wengi, na aghalabu zimwi lilishindwa mwishoni. Kitisho cha kitandani hakina mwisho. Mtoto huachwa akiumalizia mwenyewe gizani.

Wala si haki kumcheka. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipozuka Pemba na kuenea hadi Unguja, watu wazima walihama vyumba vyao na kulala nje kwa makundi, wakiwasha moto hadi alfajiri. Walichokitafuta ndicho anachokitafuta mtoto: mwanga na mtu wa karibu.

La kufanya

Mzazi anashauriwa kumsikiliza mtoto kwanza na kukiri kuwa anaogopa. Si vyema kumdhihaki, lakini pia si vyema kulifukuza zimwi kwa fimbo chini ya kitanda, kwani mtoto anaweza kuamini kuwa kweli lilikuwapo. Taa ndogo, mlango ulioachwa wazi kidogo, saa maalumu ya kulala na kuepuka filamu za kutisha jioni husaidia.

Watafiti wawili wa Israeli, Jonathan Kushnir na Avi Sadeh, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya utafiti wa watoto wa miaka minne hadi sita waliopewa mwanasesere. Baadhi waliambiwa kuwa mwanasesere huyo atawalinda, wengine kuwa wao ndio wamtunze. Hofu ilipungua kwa makundi yote mawili.

Ni muhimu pia kutofautisha mambo. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka, hueleza alichokiona na hutaka kubembelezwa. Yupo pia anayepiga kelele saa chache baada ya kulala, macho wazi, asimtambue mtu, na asubuhi asikumbuke lolote. Huyo hapaswi kuamshwa kwa nguvu. Alindwe asijiumize hadi atulie.

Hofu nyingi hupungua zenyewe mtoto anapokua. Ikidumu kwa miezi, ikivuruga usingizi au masomo, aonwe na daktari. Na mtoto anayemwogopa mtu fulani au chumba fulani asipuuzwe: huenda anajaribu kueleza jambo lililompata kweli.

Katika ngano maarufu ya pwani, zimwi lilimtia msichana ndani ya ngoma na kumlazimisha aimbe kijiji hadi kijiji. Aliokolewa pale wazazi wake walipoisikiliza sauti na kutambua kuwa ni ya mtoto wao.