Uso Naujua, Jina Limenipotea

Jumapili, Misa imekwisha, na wakristu wanasalimiana mbele ya kanisa. Mtu anakujia akicheka, anakupa mkono, anakuita kwa jina lako. Uso wake waujua sana. Wajua kwamba ni seremala, na kwamba juzi mke wake alizaa mapacha. Lakini jina lake? Limekimbia. Unamwita "ndugu, ndugu", naye anatambua, anakwenda zake na moyo mzito. "Huyu ananidharau," anasema.

Je, msomaji mpendwa, ni dharau kweli? Tuwasikilize wenye elimu ya ubongo.

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Uingereza, Vicki Bruce na Andy Young, walieleza kwamba tunamtambua mtu kwa hatua, kama apitaye milango mitatu. Mlango wa kwanza ni uso: huyu si mgeni. Wa pili ni habari zake: kazi, makao, jamaa. Jina hukaa nyuma ya mlango wa tatu. Mwaka mmoja kabla, Young na wenzake walikuwa wamewaomba watu 22 waandike kila kosa walilofanya katika kutambua watu. Mara nyingi waliandika kwamba waliijua kazi ya mtu wasilijue jina lake. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba alilijua jina, na habari nyingine zote zimempotea.

Hata katika ubongo, uso na jina havikai mahali pamoja. Mwaka 1947 mganga Mjerumani, Joachim Bodamer, aliandika habari za watu waliojeruhiwa kichwani: macho yao yaliona, lakini hawakuweza kutambua nyuso walizozijua zamani. Wengine, walioumia ubongo nyuma ya panja la kushoto, wanamjua mtu na mambo yake yote, ila jina haliji.

Kwa nini jina ni gumu? Waingereza wana jina Baker, na neno hilo maana yake pia ni mwoka mikate. Mwaka 1987 wataalamu waliwaonyesha watu sura za wageni. Neno lile lile lilikumbukwa vema zaidi lilipokuwa kazi kuliko lilipokuwa jina. Ndivyo ilivyo. Ukiambiwa "mvuvi", mara unaona wavu, mtumbwi na samaki. Ukiambiwa "Furaha", huoni kitu. Maana hata mwenye huzuni aweza kuitwa Furaha. Jina limefungwa kwa uzi mmoja tu, na uzi mmoja hukatika upesi.

Uzi huo hulegea zaidi kadiri umri unavyoendelea. Basi, enyi wanafunzi, nyanya yenu akikuita kwa jina la kaka yako, usimcheke. Majina ya wapendwa wake amewaweka katika kikapu kimoja, na mkono umeshika la jirani. Lakini mzee akipotea njia ya nyumbani, akiuliza neno moja mara kumi, akiwasahau watoto wake mwenyewe, mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si laana. Ole wake amsingiziaye mzee mgonjwa!

Nasi tujisaidie. Ukiambiwa jina jipya, litamke mara moja, uulize maana yake, ulifunge na kitu unachokijua. Na ukimwona mwenzako anahangaika, usimtege. Mtajie jina lako kwanza. Hiyo nayo ni sadaka ya mapendo.

Maria Magdalena alimwona Bwana mfufuka asimtambue, akamdhania mtunza bustani. Yezu hakumlaumu. Alimwita tu kwa jina lake, na macho ya moyo wake yakafumbuka.