Arubaini ya mzazi: Wamoroko wana la kutufunza

Mwanamke aliyejifungua nchini Moroko huitwa nfisa. Neno hilo lina shina moja na nifasi tunayoijua watu wa Pwani, na kama ilivyo kwetu, muda wake wa kutunzwa ni siku 40. Upo usemi katika nchi za Kiarabu kwamba kaburi la mzazi hubaki wazi mpaka arubaini iishe. Ni maneno mazito, lakini waliosema hivyo walikuwa wameshazika mabinti zao. Walijua kwamba mtoto akishalia, hatari kwa mama haijaisha.

Nimezifuatilia desturi hizi za Moroko kwa muda, na naona kila moja ina kazi yake.

Chakula

Siku ya tatu, kwa desturi, mzazi hupikiwa rfissa. Chapati nyembamba za tabaka huchanwa vipande vipande na kutandazwa kwenye sinia. Juu yake humwagwa mchuzi wa kuku uliopikwa kwa adesi, vitunguu, zafarani, tangawizi na uwatu mwingi. Imani yao ni kwamba kuzaa hufungua mwili na baridi huingia, kwa hivyo lazima mzazi ale vya moto na vyenye viungo. Mama zetu wanaopika uji wa pilipili manga wataielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Kuna pia sellou. Huu ni unga wa ngano uliokaangwa hadi ukawa wa kahawia, ukachanganywa na lozi, ufuta, mdalasini, samli na asali. Hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, na mama anayenyonyesha usiku wa manane hujichotea kijiko bila kuwasha jiko.

Siku ya saba huwa ni akika: kondoo huchinjwa, mtoto hupewa jina, na jamaa hujaa nyumbani.

Hammam na kufungwa mwili

Baadaye mzazi hupelekwa hammam, bafu la mvuke la mtaani. Hapakwi sabuni ya kawaida, bali sabuni laini nyeusi ya zeituni, kisha husuguliwa kwa glavu ya kukwaruza na kuoshwa nywele kwa ghassoul, udongo unaochimbwa nchini humo. Wakunga wa kienyeji, waitwao qabla, humkanda kwa mafuta. Kisha wanawake wawili humzungushia kitambaa, mmoja kila upande, wakivuta kuanzia kichwani kushuka hadi miguuni. Wanasema wanaufunga mwili uliofunguka. Sisi tuna mkanda wa tumbo. Wao hufunga mwili mzima.

Pa kuwa macho

Si kila la kale ni la kufuatwa. Wanja wa asili mara nyingi huwa na madini ya risasi, na machoni mwa mtoto mchanga ni sumu. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Aliyezaa kwa upasuaji asikandwe wala kufungwa tumbo, na asiingie kwenye mvuke, kabla ya kuzungumza na daktari. Uwatu hushusha sukari mwilini, kwa hivyo mwenye kisukari aulize kwanza.

Muhimu zaidi, arubaini isiwe sababu ya kumfungia mama ndani wakati anahitaji hospitali. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Damu nyingi, homa, uchafu unaonuka, kichwa kuuma sana au kifafa si mambo ya kusubiri viungo vifanye kazi. Na mama anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili asiambiwe anadeka. Huo pia ni ugonjwa, na una tiba.

Nani atapika?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika desturi zote hizi, nfisa hapiki, hajisugui, hajifungi mwenyewe. Rfissa inahitaji mtu wa kusimama jikoni. Kitambaa kinahitaji mikono minne. Dawa kubwa ya arubaini ni watu.

Watu ndio wanaopungua. Casablanca kama Mombasa, binti anaishi chumba cha kupanga, mama yake yuko mbali, na mume anatoka alfajiri. Sheria ya Moroko humpa mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi. Yetu ya mwaka 2007 humpa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Lakini dada anayeuza viazi karai kando ya barabara hana mwajiri wa kumpa likizo. Wiki ya pili yuko kwenye karai lake, mtoto mgongoni.

Kwa hivyo ukienda kumpa mzazi hongera, usiende kukaa ukingoja chai. Beba chakula kilichoiva. Fua nguo za mtoto. Mshikie mtoto saa mbili mama alale. Na kama jirani yako hana mtu, basi mtu wake ni wewe.